Kuvu ya Bafuni: Mtoe Paka Kwanza, Chupa Baadaye

Chuchumaa bafuni mwako hadi pua ifike sentimita 25 kutoka sakafuni. Hicho ndicho kimo cha paka. Ukiwa hapo utaona vitu ambavyo aliyesimama havioni: mstari mweusi kwenye silikoni inayozunguka choo, ukungu wa kijivu nyuma ya bomba la sinki, mlango uliovimba na kubanduka rangi upande wa chini, na mkeka wa miguu ambao upande wake wa chini haujakauka tangu Jumapili. Huku juu, usawa wa macho yako, vigae vinameta.

Watu wengi hapa Kisumu huigundua kuvu ikiwa imeshafika darini. Mtu anakasirika, ananunua Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) dumu zima, anaimwaga yote jioni moja, anafunga mlango eti dawa ifanye kazi, na asubuhi anashangaa paka anatokwa na udenda. Kuvu haikufanya hivyo. Dawa ya kuondolea kuvu humuumiza mnyama upesi kuliko kuvu yenyewe, na baada ya wiki tatu kuvu imerudi palepale kwa sababu maji yaliyoileta hayakuguswa.

Yale madoa meusi au ya kijani kwenye viungo vya vigae kwa kawaida ni Cladosporium, Aspergillus au Penicillium. Chakula chake ni utando wa sabuni, mafuta ya ngozi, manyoya na vumbi. Kigae chenyewe hakiliwi. Mahali pakibaki pamelowa kwa saa 24 hadi 48, vijimbegu vilivyokuwa vikielea hewani vinaanza kuota. Ule utelezi wa waridi kwenye pazia la shawa si kuvu hata kidogo, ni bakteria, na sabuni na brashi huumaliza. Nyeusi inayoogopwa zaidi, Stachybotrys, haina haja na vigae. Hiyo inataka karatasi au mbao iliyolowa mfululizo: dari ya jipsamu chini ya tangi linalovuja, hadibodi nyuma ya kabati la sinki. Rangi peke yake haikuambii ni ipi. Mahali ilipoota hukuambia zaidi.

Maji yanatoka wapi

Kata kipande cha nailoni safi, sentimita 30 kwa 30. Futa ukuta ukauke, kisha ubandike nailoni hiyo kwa selotepu pande zote nne, pasibaki pa kupitisha hewa. Iache kwa saa 24. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, tatizo ni mvuke wa kuogea. Yakitokea chini yake, upande wa ukuta, maji yanapita ndani ya ukuta: bomba linavuja, au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kama ni ukuta wa bomba, funga mifereji yote usiku, andika namba za mita ya maji, rudi kuzisoma alfajiri kabla mtu hajaenda chooni. Namba zikiwa zimesogea na tangi halikuwa linajazwa, mwite fundi wa mabomba kwanza. Usinunue rangi.

Mvuke wa Nakuru na wa Kisumu haufanani. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Ukuta wa nje unapoa sana, mtu anawasha shawa ya umeme saa kumi na moja asubuhi, na mvuke unageuka maji ukutani dakika hiyo hiyo. Ndiyo maana nyumba za Nakuru huota kuvu kwenye ukuta mmoja tu, ule unaotazama nje, hasa nyuma ya kabati lililosukumwa hadi ukutani. Kusogeza kabati sentimita tano kunasaidia kuliko dawa yoyote.

Kisumu ukuta haupoi hivyo, lakini hewa yenyewe ya kando ya ziwa ina maji, na masika ya Machi hadi Mei hayaipi nafasi ya kukauka. Kakamega, ambako mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ni hali hiyo hiyo tena kwa miezi mingi zaidi. Huku ushauri wa "acha dirisha wazi usiku kucha" haufanyi kazi, kwa sababu hewa ya usiku na alfajiri ina unyevu kupita ile ya ndani. Fungua kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa limepasha hewa. Kipima unyevu kidogo cha betri kitakuonyesha jambo hili kwa siku mbili tu. Unachotafuta ni kubaki chini ya asilimia 60 kwa sehemu kubwa ya siku.

Halafu kuna yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Mafundi waliyaacha kwa sababu, lakini mbu wa Kisumu ni mbu wa malaria, kwa hiyo wapangaji huyaziba kwa magazeti, vitambaa, hata foronya nzima. Ukiziba tundu, umeigeuza bafu sufuria yenye kifuniko. Toa gazeti (utalikuta lenyewe lina kuvu), weka wavu wa mbu wa madirishani kwenye fremu nyembamba ya mbao, kisha uoshe wavu huo kila baada ya miezi miwili, kwani vumbi na manyoya ya paka huuziba polepole hadi ukawa sawa na gazeti.

Bafu isiyo na dirisha inataka feni ya kutoa hewa. Hesabu yake ni rahisi: urefu mara upana mara kimo, kisha mara nane, yaani hewa yote ibadilishwe mara nane kwa saa. Bafu ya mita 2 kwa 1.5 yenye kimo cha mita 2.7 ina mita za ujazo 8.1, kwa hiyo feni itoe angalau mita za ujazo 65 kwa saa, na zile za bomba la milimita 100 kwa kawaida hufikisha hapo. Iache izunguke dakika 20 baada ya mtu wa mwisho kuoga. Mambo mawili huiharibu kazi yake. La kwanza, fundi huielekeza juu ya dari badala ya nje, na hapo umehamisha kuvu tu, umeipeleka kwenye mbao za paa. La pili, mlango unabana sakafu kabisa. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Acha nafasi ya sentimita moja na nusu chini ya mlango.

Lisilo na gharama yoyote ni mpira wa kufutia maji. Kila anayeoga avute maji ya ukutani na sakafuni kuelekea kwenye shimo kabla hajatoka. Dakika moja. Nguo mbichi zisianikwe humo.

Kinachompata mnyama

Mbwa mwenye mzio wa kuvu mara nyingi hapigi chafya. Anajikuna. Hulamba nyayo hadi manyoya meupe yageuke rangi ya kutu, masikio yanajaa nta yenye harufu, tumbo na makwapa yanakuwa mekundu. Wenye mbwa hudhani ni viroboto, wanamwogesha kila siku kwenye bafu ile ile, na wanamkausha kwa taulo iliyokuwa ikining'inia humo.

Paka ni tofauti, huyo tatizo lake ni mapafu. Anachutama, viwiko vimetokeza nje, shingo ameinyoosha mbele chini karibu na sakafu, na anakohoa kikohozi kikavu ambacho kila mtu anasema ni manyoya yamemkwama. Manyoya yakimkwama, hatimaye hutapika manyoya. Akikohoa hivyo mara kwa mara bila kutoa kitu, huenda ni pumu, na vumbi la kuvu ni mojawapo ya vitu vinavyoichochea. Hesabu pumzi zake akiwa amelala fofofo: tazama kifua kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa, kwa paka na kwa mbwa pia. Zikizidi 40 hali ametulia, au akipumua kwa mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Paka hahemi mdomo wazi kama mbwa. Akifanya hivyo ana shida.

Kuhusu Stachybotrys na paka, ripoti inayotajwa mara nyingi ni ya Marekani ya mwaka 2007: paka wawili wa nyumba iliyojaa kuvu hiyo walivuja damu mapafuni walipotiwa nusukaputi. Ni paka wawili tu, na tatizo la nyumba yao halikuwa madoa machache kwenye grauti (ule ujazo ulio kati ya vigae). Naitaja kwa sababu moja: kama dari yenu imeoza na paka anakwenda kufungwa uzazi, mwambie daktari kuhusu hiyo dari kabla hajapiga sindano.

Ndege ndio walio dhaifu kuliko wote. Miili yao ina vifuko vya hewa vinavyotoka mapafuni, na Aspergillus ikifika humo hukaa. Huku kwetu walio hatarini zaidi si ndege wa tunduni bali vifaranga. Mtu ana vifaranga 50, stoo imejaa, anawaweka kwenye bafu ya wageni isiyotumika, na balbu, na takataka za mbao (maranda) chini. Joto la balbu, maji yanayomwagika kwenye chombo chao, vumbi la mbao: hakuna mahali kuvu ingependa zaidi. Kifaranga mwenye ugonjwa huo hupanua mdomo na kunyoosha shingo akitafuta hewa, mara nyingi bila ile sauti ya kukoroma ya mafua. Akifikia hapo dawa haifui dafu. Toa takataka zote zilizolowa kila siku, usitumie zilizokwisha kunuka, na chombo cha maji kiinue juu ya matofali mawili.

Na nikiwa hapo hapo: kama mfuko wa unga wa mbwa unakaa kwenye korido ya bafu, uhamishe leo. Aspergillus flavus kwenye mahindi hutoa sumukuvu, aflatoksini, ile iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004, na mbwa huumia nayo sana. Kupika ugali hakuiondoi. "Unga umeharibika, mpikie mbwa" ni sentensi inayomwua mbwa wa watu kwa ini kuharibika, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye. Anaacha kula, anatapika, ufizi na weupe wa macho unageuka manjano. Kwa maoni yangu, hatari ya mfuko huo inazidi kuvu yote iliyo ukutani.

Kusafisha

Toa wanyama wote, toa bakuli za maji, matandiko yao, sanduku la mchanga wa paka, na mswaki wako pia. Wafungie chumba cha mbali. Fungua dirisha la bafu, funga mlango wa kuingia ndani ya nyumba, kunja taulo lililolowa ulibane chini ya mlango. Vaa glavu za mpira na barakoa ya N95.

Usipige brashi kuvu ikiwa kavu. Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwani brashi kavu hurusha vijimbegu kwa mamilioni, navyo hutua sakafuni, kwenye kimo kile cha sentimita 25. Tia kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji ya vuguvugu, puliza ukuta wote ulowe, subiri dakika kumi, kisha sugua kwa brashi ya nailoni kuanzia juu kushuka. Stili wuli usitumie, huchubua kigae na kukiachia mikwaruzo ya kuvu kujishika. Futa kwa matambara, uyatupe ndani ya mfuko uliofungwa. Suuza, kausha. Kwenye vigae, kioo na bomba, kazi mara nyingi inaishia hapo.

Madoa yaliyobaki kwenye grauti ndiyo ya Jik, au ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Mimi huchagua peroksaidi palipo na paka: puliza, subiri dakika kumi, sugua, na kinachobaki ni maji na oksijeni. Ukichagua Jik, nyingi za dukani zina kiini cha karibu asilimia 3.5, kwa hiyo mililita 250 ndani ya lita 2.5 za maji baridi zinatosha. Kuongeza zaidi hakuui kuvu zaidi, hukuongezea harufu tu. Changanya ya siku hiyo, imwage ikibaki. Dakika kumi, kisha suuza mara mbili.

Jik kwenye ukuta wa plasta ni kujidanganya. Klorini hubaki juu na kung'arisha doa, maji yake yanazama ndani na kuinywesha mizizi. Unafurahi siku nne. Plasta ikwangue rangi iliyobanduka ikiwa imelowa, ioshe kwa sabuni, iache ikauke hadi kipimo cha nailoni kisitoe tone upande wa ukuta, ndipo upake. Chokaa ya zamani, ile ya kupaka kuta, ni nzuri kuliko watu wanavyoidharau, kwa kuwa ukali wake kuvu haiuwezi. Ila ikiwa mbichi huunguza macho na nyayo za mnyama, kwa hiyo bafu ifungwe hadi ikauke kabisa.

Siki mitandaoni imegeuzwa dawa ya kila kitu. Inasaidia kidogo kwenye vigae. Kwenye sakafu ya terazo, ambayo nyumba nyingi za zamani za Milimani bado zinayo, inakula simiti na mawe na kuacha vishimo, na vishimo hushika maji.

Silikoni iliyoingia weusi ndani haisafishiki. Ikate kwa wembe, toa yote, futa nafasi iliyobaki kwa spiriti, acha saa 24 pakauke, jaza silikoni mpya ya bafuni, acha tena saa 24 kabla ya maji kugusa. Vivyo hivyo viungo vya vigae vilivyojazwa simiti nyeupe tupu. Mafundi wetu huipenda kwa kuwa ni rahisi, lakini hunywa maji kama sponji na kupasuka nyufa nyembamba. Ikwangue kina cha milimita tatu na uweke grauti halisi ya kuzuia maji.

Dari ya jipsamu iliyolegea haisafishwi, hukatwa, pamoja na sentimita 30 za sehemu inayoonekana nzima kila upande. Kuvu ikizidi eneo la mita moja mraba, au ikiwa dari inavuja maji kutoka kwa jirani wa juu, hiyo si kazi ya mpangaji na brashi. Piga picha zenye tarehe, mwandikie mwenye nyumba, na akinyamaza afisa wa afya ya umma wa kaunti ana mamlaka juu ya nyumba yenye unyevu wa kudhuru afya chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242.

Chupa zinazoumiza

Jik haichanganywi na dawa ya choo yenye tindikali wala na siki, hutoka gesi ya klorini. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana ni kwamba mkojo wa paka nao una kitu kinachogeuka amonia, na Jik ikimwagwa juu ya sanduku la mchanga au kona aliyokojoa hutoa kloramini, gesi inayochoma macho na mapafu, yako na yake. Mkojo uoshwe kwanza kwa sabuni na maji mengi.

Dettol, na nyingine zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini, zina kemikali za jamii ya fenoli. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuzivunja. Hahitaji kuinywa: anakanyaga sakafu iliyolowa, analamba nyayo, jioni anatokwa na udenda na ulimi una vidonda. Kwa nyumba yenye paka, chupa hiyo isitumike sakafuni kabisa. Dawa zinazonukia msonobari nazo vivyo hivyo.

Vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya nondo na mende ambavyo huku hutupwa kwenye sinki na kwenye shimo la bafu, ni sumu kwa paka na mbwa. Mbwa mdogo anaweza kuumia kwa kidonge kimoja. Vile vikopo vya chembechembe za kunyonya unyevu vina kalisiamu kloraidi, na maji yanayokusanyika chini yake huunguza mdomo. Viwekwe juu ambako paka harukii, kama mahali hapo pako.

Mnyama akilamba dawa, mwoshe mdomo na nyayo kwa maji safi mengi, mpigie daktari, na ukienda beba chupa yenyewe ili asome lebo. Usimtapishe. Usimnyweshe mafuta ya kupikia wala mayai mabichi. Dawa kali iliyochoma koo ikishuka huchoma tena ikipanda, na mafuta yakiingia mapafuni yanaleta ugonjwa wa pili.

Sakafu ikikauka kabisa, bila harufu, ndipo wanyama warudi. Sanduku la mchanga lisirudi bafuni kama kuna kona nyingine yenye hewa. Mchanga au vumbi la mbao lililolowa huota kuvu lenyewe, litolewe lote kila wiki na sanduku lisuguliwe kwa sabuni. Funika choo, paka na mbwa wasinywe humo. Baada ya siku saba bandika nailoni yako tena mahali palepale, kisha uchuchumae.